Kaka Anagonga Mlango

Tarehe 4 Machi

Kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Salamu za amani zikufikie ukiwa mzima, na Mwenyezi Mungu akuzidishie elimu yenye manufaa. Sisi huku tu wazima. Mjomba wako mkubwa hajambo: anakula, anatembea, na jina langu amelisahau kama alivyolisahau lake, jambo ambalo sasa nalihesabu kuwa ni usawa baina ya ndugu.

Nimechagua kalamu badala ya simu. Simu ikilia humu ndani kaka hushtuka. Na mama yako anapokuwapo husikiliza maneno mawili, kisha huondoka na matatu.

Nina swali la kielimu. Nasikia huko maabara mnawanyima panya usingizi, kisha mnachunguza kilichotokea katika bongo zao. Ningependa kujua: kiumbe akikosa usingizi kwa muda mrefu, ni kitu gani hasa kinachoharibika? Je, kikiharibika, hurudi? Na je, nia ina athari? Maana panya wako hakunuia lolote. Mtu anayekesha kwa ibada, kwa hiari yake, moyo wake ukiwa umeridhika, sidhani kama hesabu yake ni moja na ya panya aliyelazimishwa.

Nauliza kwa sababu nimezidisha ibada za usiku, na wapo watu hapa wanaodai kwamba nimechoka. Kinara wao ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti, yule tumwitaye Muuza Miwani. Alinishauri mbele ya safu nzima kwamba imamu naye apumzike. Nilimjibu kuwa aliyezoea kupima macho ya watu asidhani amepima na vifua vyao. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Nijibu kwa lugha nitakayoielewa, wala usinipunguzie kitu kwa sababu ya uzee wangu.

Ni mimi, mjomba wako mdogo.


Tarehe 13 Machi

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeipokea na nimeicheka peke yangu mbele ya vizimba, hadi panya wakageuka kunitazama. Sikupunguzii kitu. Kaa vizuri.

Kila panya tunamweka juu ya kijukwaa kidogo, mfano wa kopo lililopinduliwa, katikati ya maji. Anaweza kusimama, kula na kunywa. Lakini usingizi wa ndoto hulegeza misuli. Akiuingia tu, anayumba, pua inagusa maji, anaamka. Hapigwi wala hafokewi. Kila anapokaribia kupumzika, anajiamsha mwenyewe. Sipendi kuwatazama, na huwatazama kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Sasa tuingie ndani ya ubongo. Seli za neva hupelekeana habari kwa njia nyingi, na mojawapo ni vipande vidogo vya protini viitwavyo peptidi. Vichukulie kuwa ni wajumbe. Mjumbe akishafikisha habari lazima anyamazishwe, la sivyo ataendelea kusimama mlangoni akigonga. Wanaomnyamazisha ni vimeng'enya. Hivyo ni kama mikasi: vinamkatakata hadi anakuwa si mjumbe tena, mabaki yake yanatumika kwa kazi nyingine. Ubongo wenye afya ni ule ambao wajumbe na mikasi wanakwenda pamoja.

Kwa panya wetu waliokosa usingizi, mwendo huo unavurugika, wala si kwa namna moja. Chini kabisa ya ubongo, panaposimamia usingizi na njaa, yupo mjumbe aitwaye oreksini, ambaye kazi yake ni kusema "kaa macho". Huyo anazidi kupiga kelele. Juu kidogo, mahali pa kumbukumbu, baadhi ya mikasi inakata kwa pupa na mingine imezubaa. Habari moja inakatwa kabla haijafika. Nyingine imefika zamani na bado haijanyamaza. Tunavyo vichochoro vya mbao ambavyo panya hufundishwa njia zake. Aliyelala anapita bila shida. Aliyekosa usingizi akifika kwenye njia panda, penye njia mbili zinazofanana, anasimama, kisha anaingia ile isiyo yake, tena kwa ujasiri kabisa.

Je, hurudi? Tukiwaacha walale, mengi hurudi. Mengine huchelewa, na yapo ambayo bado hatujayaona yakirudi. Panya si mtu, nami si wa kukuapia.

Kuhusu nia, hatuna kipimo chake. Ila kimeng'enya, mjomba, hakijui kwa nini umekesha.

Nami nikuulize: ni ibada gani hii inayomtia mtu hamu ya habari za panya?

Mpwa wako.


Tarehe 22 Machi

Kwa mpwa wangu,

Nani amekuambia habari ya njia panda?

Kama ni mama yako, amefanya vibaya. Kama hakukuambia mtu, basi panya wako ni ndugu zangu wa karibu kuliko nilivyodhani, nami nakuandikia bila kuzunguka.

Kisa cha malaika kuamriwa kusujudu na Ibilisi kukataa kimekuja katika sura zaidi ya moja za Qurani, na mwanzo wa maneno unakaribia kuwa mmoja. Kila aliyehifadhi anajua kwamba hapo pana njia panda. Asipokuwa makini huanza katika sura moja na kutokea katika nyingine, na ulimi wake haumwambii kitu, kwa sababu kila neno alilolisoma ni la kweli. Lililokosewa ni mahali pake tu. Mimi nimepita hapo tangu sijaota ndevu. Siku hizi nimepotea hapo mara kwa mara, nikiwa mbele na watu nyuma yangu, na anayewahi kunirudisha kwa sauti ni Muuza Miwani. Kumrudisha imamu aliyeteleza ni wajibu na simlaumu. Ninachomlaumu ni jinsi anavyoonekana kuufurahia wajibu huo.

Sasa kamati imeniandikia. Mwisho wa mwezi ujao nikae mbele yao nisome. Nikipotea, nafasi yangu atapewa mwingine. Na nyumba hii, kama ujuavyo, ni ya imamu, si yangu.

Siondoki. Wala sitawaomba. Mtu hajengi miaka yote mahali kisha akatolewa kama msumari uliopinda. Wakinong'ona kwamba nimeanza maradhi ya kaka, waje waseme mbele yangu, nami nitawajibu nikiwa nimesimama.

Lakini nimetafakari habari ya mikasi yako. Ikiwa mikasi ndiyo inayokata habari kabla haijafika, je, haipo dawa ya kuishika mkono? Nitumie, au niandikie jina lake. Nataka nikeshe na nisipotee. Sioni kwa nini nilazimike kuchagua moja.

Mjomba wako.


Tarehe 28 Machi

Binti yangu,

Nakuandikia upesi, na usimwambie mjomba wako kama nimekuandikia.

Eti ibada. Kusali anasali, sikatai, lakini kinachomfanya akeshe ni kaka yetu. Kaka halali usiku. Mjomba wako anaweka kiti pale kitandani na kumsomea aya ili atulie, maana anaipenda ile sauti. Basi kaka analala kidogo, mara ananyanyuka, anakwenda mlangoni, ngo ngo, anagonga. Anarudishwa. Baada ya muda kidogo, ngo ngo tena. Anataka kutoka, na akitoka hatajua kurudi. Mlango umetiwa kufuli na ufunguo uko shingoni kwa mjomba wako kama hirizi. Wanakwenda hivyo mpaka alfajiri. Asubuhi mmoja anasalisha na kufundisha watoto huku anapepesuka, mwenzake ndiyo kwanza anakoroma.

Nimemwambia tumpeleke kaka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wapo wauguzi wa zamu. Unajua alinijibu nini? Kwamba kaka atatoka nyumba hii kwa jeneza tu, na mimi kama nina haraka nikalichonge. Nikamwambia nitachonga mawili, maana kwa mwendo huu wewe utatangulia. Hatujasemeshana tangu siku hiyo.

Sasa sikia. Kamati ikimtoa, nyumba imekwenda. Kaka atakwenda kwa wauguzi, atake asitake, na yeye nitamchukua kwangu nimpeleke hospitali, maana siku ile tulipogombana aliniita kwa jina la marehemu mama yetu na hakushtuka. Naogopa, mwanangu. Naogopa ni ugonjwa ule ule. Mnaosomea bongo ndio ninyi. Niambie ukweli.

Mama yako.


Tarehe 4 Aprili

Shikamoo mjomba,

Mama ameniandikia. Alisema nisikuambie, nakuambia, kwa sababu katika familia hii kila mtu anamficha mwenzake kitu kwa ajili ya kumhurumia, na mwisho wake sote tunahurumiana gizani.

Dawa ya kuishika mikasi sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Mikasi ile ile inayokata habari unayoitaka ndiyo inayowanyamazisha wajumbe usiowataka. Ukiifunga mkono, wote watagonga kwa pamoja.

Kama una ugonjwa wa mjomba mkubwa, sijui. Haujulikani kwa barua, wala kamati haiwezi kuujua kwa kukusikiliza ukisoma. Ninachokijua ni hiki: hakuna mtu katika maabara yetu ambaye angethubutu kusema panya huyu ni mgonjwa kabla hajamshusha kwenye kijukwaa na kumwacha alale. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kadhi hahukumu akiwa na hasira wala njaa. Basi na wewe usikubali kuhukumiwa ukiwa na usingizi. Wakatalie. Lakini huwezi kuwakatalia kwa macho mekundu.

Utasema kaka yako atalindwa na nani. Mama ana godoro na ana ulimi. Vitumie vyote viwili. Na mwambie atazame jambo moja. Mjomba mkubwa hugonga wakati gani? Sisi kazini, kabla hatujauliza kwa nini, tunauliza lini.

Neno la mwisho, na unisamehe. Nilipokuwa mdogo ulinifundisha kwamba Asiyeshikwa na usingizi wala kusinzia ni Mmoja tu, hana wa pili. Nilihifadhi. Sasa nakuuliza kwa heshima zote, mjomba: huyu wa pili ametoka wapi?

Mpwa wako.


Tarehe 11 Aprili

Kwa mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma, nimeikasirikia, na nimelala.

Usidhani umenishinda. Nimelala kwa ukaidi, ili nikuthibitishie kwamba haitaleta tofauti. Mama yako alikuja na godoro, feni na masharti. Ufunguo nilimkabidhi kama mtu anayekabidhi shamba la urithi. Niliswali, nikajinyoosha, na sikujua kitu tena hadi aliponitikisa alfajiri. Anasema alikuja kuniangalia mara tatu akidhani jeneza langu linahitajika. Usiku uliofuata ikawa vile vile, na uliofuata pia. Ukweli una haki yake: asubuhi nimekuwa nikiona rangi ya mazulia ya msikiti. Nilikuwa nimesahau kwamba yana rangi.

Kilichonitia shaka ni jambo jingine. Nilipomuuliza mama yako kaka amegonga mara ngapi, akasema hakugonga. Nilimwambia anatania. Akasema, "Mbona kwangu hagongi? Alinitazama nikishona, akachoka kunitazama, akalala." Nikamtuhumu kwamba amempa kidonge. Alinijibu maneno ambayo imamu hayaandiki.

Sikuamini. Sasa nimelala vya kutosha kuanza kuchunguza. Kesho nitamsomea mwenyewe baada ya sala ya usiku, mama yako akiwa pembeni, na nitatazama kama ulivyosema: si kwa nini, bali lini.

Mjomba wako, ambaye bado hajakubali.


Tarehe 19 Aprili

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Keti kabla hujaendelea.

Usiku wa kwanza nilimsomea kaka nikiwa na nguvu zangu. Nilifika penye njia panda nikapita salama. Kaka alikuwa amelala chali, macho juu, vidole vyake vikitembea juu ya shuka. Hakunyanyuka, na punde akalala. Nikasema ni bahati. Usiku wa pili ikawa vivyo hivyo, nikasema bahati ina ndugu yake. Usiku wa tatu nilikuwa nimetoka kwenye maziko ya jirani, nimesimama juani tangu adhuhuri, nikawa nasoma huku kichwa kinaanguka. Nikaingia sura nyingine bila kujua. Kaka akanyanyuka, akaenda mlangoni, akagonga mara mbili.

Mama yako alitaka kumrudisha kitandani. Nilimwambia amwache. Nilikuwa nautazama mkono wake. Hakushika kitasa. Hakusukuma mlango. Aligonga kwa kifundo cha kidole cha kati, mara mbili, kisha akasimama na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesubiri.

Mpwa wangu, kaka ndiye aliyenihifadhisha. Baba yetu alikuwa na kazi nyingi, na mimi nilikuwa mzito. Kaka alitukalisha mbele ya dawati lake mimi na wenzangu, na katika zama ambazo walimu wote walikuwa na fimbo, yeye hakuwa nayo. Tukikosea hakusema neno. Aligonga ubao wa dawati mara mbili kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, akasubiri. Maana yake: rudi nyuma, litafute kosa lako mwenyewe. Hakuendelea na somo, wala hakumruhusu mtu kuinuka, mpaka kosa lipatikane. Dawati lile halipo tena. Katika chumba chake cha sasa, kuta ni saruji na kitanda ni chuma. Ubao uliobaki ni mlango.

Nilirudi nyuma. Nikaanza aya upya, nikaipeleka mahali pake. Kaka akageuka, akarudi kitandani peke yake, akajifunika.

Tangu lini nimekuwa nikimsomea kwa makosa, hata sijui. Nilisoma vibaya kwa kuwa sikulala, naye hakulala kwa kuwa nilisoma vibaya, na kila alipogonga nilimrudisha kitandani nikaendelea na kosa langu kwa ujasiri kabisa. Ulisema mjumbe asiyenyamazishwa hubaki mlangoni akigonga. Huyu hakuhitaji kunyamazishwa. Alihitaji kupokelewa. Miezi yote hii nimemfungia mlango mtu ambaye hakutaka kutoka.

Kufuli nimelivua. Mama yako amelitia kwenye kabati lake la vyombo.

Nimeiandikia kamati. Nimesema nitakuja siku waliyoitaja, na msikilizaji wangu atakuwa kaka, aketi nao safu moja. Muuza Miwani alikuja hadi barazani kwangu kulikataa jambo hilo. Aliuliza, kwa upole wa kuuzia bidhaa, mtu asiyejua hata jina lake atamsikilizaje mwenzake. Nikamwambia, "Jina lake hakulihifadhi. Alipewa tu." Nikaongeza kwamba bila kaka sitasoma hata bismillahi, na wakitaka kunitoa wanitoe nikiwa kimya, kisha wawaeleze watu walichokisikia.

Mjomba wako.


Tarehe 25 Aprili

Shikamoo mjomba,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza, kisha nikasimama, kisha nikakaa tena. Sina la kielimu la kuongeza. Nilimsomea mkuu wangu wa maabara ile sehemu ya mlango. Akauliza kama mzee huyo anaweza kuja kutusikiliza tunapoandika ripoti.

Nakuomba mambo mawili. Kwanza, hata ukishinda, nenda hospitali upimwe, ili mama naye alale. Pili, siku hiyo usiwe shujaa: lala mchana.

Je, mjomba mkubwa akigonga mbele yao?

Mpwa wako.


Tarehe 1 Mei

Kwa mpwa wangu,

Akigonga, nitarudi nyuma. Ndivyo nilivyokuwa nimejiambia nikiingia, na ndivyo nilivyowaambia: kwamba atakayehesabu kugonga kwake kuwa ni aibu yangu hajapata kuwa mwanafunzi wa mtu.

Hospitali nitakwenda Jumatatu na mama yako. Nimekubali kabla hajamaliza kuomba, akabaki na hoja zake mkononi. Mchana nililala.

Alasiri kamati ilikuwa imeketi kwenye zulia la msikiti, na mbele yao dawati dogo la madrasa. Kaka nilimkalisha katikati, kanzu yake imepigwa pasi, mkono wake wa kulia juu ya ubao. Muuza Miwani alikaa kushoto kwake, bega kwa bega, kwa kuwa ndipo palipobaki. Kaka alimtazama akamwambia, "Kaa vizuri." Akakaa vizuri.

Walinichagulia mahali pa kuanzia. Huhitaji kuambiwa ni wapi. Nilisoma bila haraka. Nilikuwa nikiutazama mkono wa kaka na si nyuso zao. Nilipokaribia njia panda kidole cha kati kilijikunja, kifundo kikainuka juu ya ubao, na nikajua kwamba ndani ya kichwa kile ambacho jina langu halimo, yupo bado mwalimu anayenijua ninapoangukia. Kidole kilingoja hewani. Nikapita. Kikashuka taratibu, kikafunguka, kikalala juu ya ubao bila sauti.

Niliendelea. Walinibadilishia mahali, nikaendelea. Na nilipokuwa katika sura ya tatu waliyoitaka, kichwa cha kaka kiliinama, kikaenda upande wa kushoto, kikatua juu ya bega la Muuza Miwani. Alikuwa amelala, mchana kweupe, mdomo wazi kidogo, kama mwalimu aliyeridhika na darasa.

Nilipomaliza, Muuza Miwani alifungua kinywa kutoa hukumu. Nikaweka kidole kwenye midomo yangu. Akamtazama kaka begani kwake, akamtazama tena, na sauti yake ikateremka hadi nikalazimika kusogea ili nisikie.

Kamati nzima ilininong'oneza kwamba nibaki.

Kisha tukakaa, hakuna aliyesogea, hadi yeye alipoamka.

Mjomba wako mdogo, imamu.